Mchina na ahadi ya 2060: paneli tumeziona, mita inasoma ngapi?

Mei 2025 China ilifunga sola gigawati 93. Ndani ya mwezi mmoja. Sijakosea kuandika, ni megawati 93,000, na kwa sisi tuliosubiri bwawa la Nyerere kule Rufiji miaka yote ile, megawati 2,115, hiyo ni kama mabwawa 44 ndani ya siku 31. Ukiitaja hii namba mbele za watu wanagawanyika hapo hapo, huyu anasema Mchina kashaiacha dunia mbali kwenye nishati safi, yule anakwambia acha kudanganywa wewe, nchi inayochoma zaidi ya nusu ya makaa ya mawe yote yanayochomwa duniani utaiitaje safi. Na shida ni kwamba wote wawili hawajadanganya.

Sasa kabla hujaishangilia 93 angalia miezi iliyofuata. Juni gigawati 14, Julai 11, Agosti 7. Imekuwaje? Ni kwamba Februari mwaka huo serikali ilitoa sheria mpya, mradi wa sola au upepo utakaokamilika kuanzia tarehe 1 Juni hautauza tena umeme kwa bei ile ya uhakika waliyoizoea, utaenda kuuza sokoni kama wengine. Basi kila aliyekuwa na kiwanja na paneli akakimbia kumaliza kabla ya tarehe, kama sisi tunavyojazana sheli tukisikia usiku bei ya mafuta inapanda. Ile foleni ya sheli haikuambii wiki hiyo watu wameendesha magari kiasi gani, inakuambia tu kwamba kesho bei inapanda.

Alafu kuna jambo la pili ambalo hata waandishi wazuri wanaliruka, gigawati sio umeme, ni uwezo. Paneli usiku inalala. Kule China paneli kwa wastani inafanya kazi sawa na masaa 1,100 au 1,200 tu kati ya masaa 8,760 ya mwaka, kwahiyo zile gigawati 93 zitatoa kama uniti bilioni 100 kwa mwaka, wakati Nyerere peke yake imepangiwa kutoa kama uniti bilioni 6. Mabwawa 44 yameshakuwa 17. Bado ni balaa, sibishi, ila umeona namba ilivyosinyaa tulipoiuliza swali moja tu.

Turudi kwenye ahadi yenyewe sasa. Tarehe 22 Septemba 2020, korona ikiwa imepamba moto, Xi Jinping aliongea kwa video kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa akasema mambo mawili, kwamba hewa ukaa inayotolewa na China itafika kileleni kabla ya 2030 alafu ianze kushuka, na kabla ya 2060 watakuwa wamefikia usawa, yaani kinachotoka kwenye mabomba na kinachofyonzwa na misitu na njia nyingine vilingane. Tunaongelea nchi inayotoa zaidi ya tani bilioni 12 za kaboni dioksidi kwa mwaka, karibu theluthi ya dunia nzima, kwahiyo kauli ile haikuwa ndogo. Ila isome tena. Amesema kilele kitafika lini, hajasema kilele kina urefu gani. Ni kama mdaiwa akwambie mwaka 2030 naacha kukopa, sawa kaka, ila utakuwa unadaiwa shilingi ngapi siku hiyo?

Miezi mitatu baadaye, Desemba 2020, akaongeza malengo yenye namba. Upepo na sola vifike gigawati 1,200 ifikapo 2030. Nishati isiyo ya makaa, mafuta wala gesi ifike kama asilimia 25 ya nishati yote. Na hewa ukaa kwa kila yuan ya pato la taifa ishuke zaidi ya asilimia 65 ukilinganisha na 2005.

Lengo la gigawati 1,200 walilimaliza Julai 2024. Walilipangia miaka kumi, wakatumia chini ya minne. Ila lile la hewa ukaa kwa kila yuan ndo kichefuchefu, mpango wao wa miaka mitano wa 2021 hadi 2025 ulitaka ishuke asilimia 18 na wakawa nyuma ya ratiba karibu muda wote, mwaka 2024 wenyewe walijipangia 3.9 wakapata 3.4. Mtoto analeta ripoti nyumbani, somo moja kapata mia na bonasi juu, lingine kafeli, na somo alilofeli ndo lile linalopima hewa ukaa yenyewe.

Na hata hilo somo lina ujanja wake. Chukua bodaboda aliyekuwa anachoma lita 5 kwa siku anaingiza elfu 30, leo anachoma lita 6 anaingiza elfu 45. Kwa kila shilingi anayoingiza, mafuta yamepungua kwa asilimia 20, anaweza kusimama mbele ya watu akajisifu na asiwe muongo. Ila moshi umeongezeka, lita 6 sio 5. China imeishi na hesabu ya namna hii miaka mingi, na anga halina habari na pato la taifa la mtu, linapokea tani tu.

Mimi naona ukitaka kuelewa kwanini makaa hayaondoki lazima urudi Septemba 2021. Uchumi ulikuwa umefunguka baada ya korona, dunia inaagiza bidhaa, viwanda vinafanya kazi usiku na mchana, bei ya makaa ikapaa. Lakini bei ya umeme ilikuwa imefungwa na serikali. Sasa wewe una mtambo wa makaa, kila uniti unayozalisha unapata hasara, utafanya nini? Mitambo ikaanza kuzimwa kwa sababu ya "matengenezo". Na wakati huo huo majimbo yalikuwa na malengo ya kupunguza matumizi ya nishati, wengine mwaka unaisha wako nyuma, wakaamua kukata umeme viwandani ili namba zikae sawa, Jiangsu, Zhejiang, Guangdong. Kaskazini mashariki ikawa mbaya zaidi, Liaoning mpaka nyumba za watu zikakatiwa, mjini Shenyang taa za kuongozea magari zikazimika, magari yakabaki yanaoneana huruma, na kule Liaoyang umeme ulikatika kiwandani mitambo ya kuvuta hewa chafu ikasimama, wafanyakazi 23 wakakimbizwa hospitali kwa sumu ya hewa.

Tukiongelea mgao sisi watu wa huku tunaelewana bila tafsiri. Ila kwa serikali ya Beijing, ambayo mkataba wake na wananchi ni kwamba nyie tulieni sisi tutahakikisha mambo yanaenda, ile ilikuwa aibu ya kiwango cha juu. Wakafungua migodi. Mwaka 2021 walichimba makaa kidogo juu ya tani bilioni 4, mwaka 2024 wakawa wameshakaribia bilioni 4.8. Vibali vya mitambo mipya ya makaa vikamwagika, zaidi ya gigawati 100 mwaka 2022 na zaidi ya 100 tena 2023. Na ikaibuka kauli ya kisiasa ambayo hadi leo inatawala, simamisha kipya kwanza ndipo uvunje cha zamani.

Mwaka 2022 kabla hata jeraha halijapona ikaja ya Sichuan. Jimbo hili linapata kama asilimia 80 ya umeme wake kwenye maji, ndo nishati safi yenyewe hiyo, na linauza mwingine mpaka Shanghai. Agosti ile mvua zikagoma, mito ikakauka, joto likapita digrii 40, watu wote wamewasha viyoyozi. Viwanda vikafungwa karibu siku kumi, vikiwemo vya Toyota na Foxconn pale Chengdu, na Shanghai wakazima taa za mapambo za Bund, ile barabara yao maarufu ya kando ya mto, siku mbili. Wewe ni gavana wa jimbo jirani, umeshuhudia hayo mawili mfululizo, mtu akakuletea kibali cha mtambo wa makaa usaini, hutasaini? Mimi ningesaini na mikono miwili.

Ila hapa ndo kwenye utamu, kuwa na mtambo sio kuuwasha. Mitambo ya makaa ya China kwa wastani inafanya kazi kama nusu tu ya masaa ya mwaka, na tangu Januari 2024 inalipwa hela kwa kuwepo tu, stendbai, hata isipozalisha, kama jenereta la ukumbini ambalo mwenye harusi analilipia akiomba lisiwashwe. Kwa maana hiyo mtu anayekuonesha mtambo mpya wa makaa kama ushahidi kwamba wanadanganya, na mtu anayekuonesha jangwa limejaa paneli kama ushahidi kwamba wameshinda, wote wanakuonesha vyuma. Mimi nataka kuona mita.

Na mita ninayoiangalia ni hii. Kila mwaka matumizi ya umeme China yanaongezeka, je umeme safi mpya unatosha kubeba lile ongezeko? Ukibaki chini ya ongezeko, makaa yanapanda hata ukifunga paneli nchi nzima. Ukivuka, makaa yanaanza kusukumwa nje, hakuna njia nyingine. Mwaka 2024 matumizi yalikuwa uniti trilioni 9.85, ongezeko la asilimia 6.8, na hilo ongezeko peke yake la mwaka mmoja ni kubwa kuliko umeme wote wanaotumia Wajerumani. Unajaza ndoo huku mtu anaipanua. Mwaka ule umeme safi ulibeba kama asilimia 80 na kitu ya ongezeko, kidogo tu ufike. Sola na upepo kwa pamoja vikatoa kama asilimia 18 ya umeme wote, na makaa, ambayo mwaka 2007 yalikuwa kama asilimia 80, yakawa yameshuka chini ya 60.

Alafu 2025 ikaingia na mambo yakaanza kuvuka mstari. Robo ya kwanza uwezo wa upepo na sola ukaupita uwezo wa mitambo yote inayochoma kitu, mara ya kwanza. Aprili sola na upepo vikatoa asilimia 26 ya umeme wa mwezi. Na wachambuzi wa CREA, taasisi ya utafiti wa nishati na hewa safi, akiwemo Lauri Myllyvirta ambaye ni kama ndo mhasibu wa nje wa hewa ukaa ya China, wakatoa hesabu kwamba miezi kumi na miwili hadi Machi 2025 hewa ukaa ilishuka kwa asilimia 1. Imewahi kushuka huko nyuma, kipindi cha korona na nyakati uchumi ukiyumba, ila safari hii matumizi ya umeme yalikuwa yanapanda na hewa ukaa bado ikashuka, hiyo ndo tofauti iliyowafanya watu wakae vizuri kwenye viti.

Asilimia 1 sio kitu cha kupigia vigelegele, mwaka mmoja wa ukame unaila yote. Na kuna sehemu ya msaada ambayo haikutoka kwenye jua kabisa, imetoka kwenye nyumba. Tangu Evergrande, kampuni kubwa ya kujenga nyumba, ianguke 2021 ujenzi umedorora, saruji waliyozalisha 2020 ilikuwa kama tani bilioni 2.4 na 2024 ikawa 1.8, na saruji ni mchafuzi mkubwa. Kupungua kwa njia hiyo ni kama kupungua mwili kwa sababu ya homa. Upande mwingine viwanda vya kugeuza makaa kuwa kemikali na plastiki vinakua kule Xinjiang na Mongolia ya Ndani, moshi unaingilia dirisha lingine. Magari angalau yanasaidia, 2024 karibu nusu ya magari mapya ya abiria yaliyonunuliwa yalikuwa ya umeme au yale ya kuchaji yenye injini pia.

Nyaya nazo, watu hawapendi kuziongelea maana hazina picha nzuri. Jua na upepo viko magharibi na kaskazini ambako watu ni wachache, viwanda viko pwani ya mashariki. Mwaka 2016 Gansu walitupa asilimia 43 ya umeme wao wa upepo, umezalishwa ukakosa pa kwenda, yaani unachota maji unayamwaga mlangoni. Ndo wakajenga zile laini kubwa kupita kiasi, kuna moja ya kilovolti 1,100 inatoka Xinjiang mpaka Anhui, kama kilomita 3,300, karibu mara tatu ya barabara ya Dar kwenda Mwanza. Kutupa kukapungua sana. Kule Talatan, Gonghe, mkoa wa Qinghai, paneli ni nyingi mpaka maji ya kuziosha na kivuli chake vimeotesha majani kwenye ardhi iliyokuwa inageuka jangwa, majani yakazidi yakaanza kuzifunika paneli, wakaleta kondoo. Sasa hivi paneli zinajengwa juu zaidi ili kondoo wapite chini. Hiki kipande nakipenda bila sababu ya maana.

Soko la kaboni, ambako mitambo inauziana vibali vya kutoa hewa ukaa, walifungua 16 Julai 2021, tani ikaanzia yuan 48, Aprili 2024 ikavuka 100, na 2025 wameingiza chuma, saruji na alumini. Kwa karatasi ndo soko kubwa kuliko yote duniani. Kwa vitendo vibali vinatolewa bure na vinaendana na uzalishaji, ukizalisha umeme mwingi unapewa vibali vingi, yule bodaboda wetu tena. Agosti 2025 wakatangaza kwamba kuanzia 2027 baadhi ya sekta zitawekewa kikomo cha jumla, tani zenyewe. Ikifika nitaongelea soko, kwa sasa napita.

Septemba 2025 Xi akarudi kwa video tena. Kwa mara ya kwanza China ikaahidi kupunguza kiasi chenyewe, sio kiasi kwa kila yuan, asilimia 7 hadi 10 ifikapo 2035, gesi zote za joto, na upepo na sola vifike gigawati 3,600. Nchi za Ulaya zikasema ni kidogo mno, na kweli ni kidogo, kwa mtu anayetaka kufika karibu na sifuri 2060 kushuka asilimia 10 mpaka 2035 ni kuacha mlima wote wa kazi kwa miaka 25 ya mwisho. Ila mimi kilichonikera zaidi sio 7 wala 10. Ni asilimia 7 mpaka 10 kutoka kileleni, na kilele hicho hakijatajwa ni mwaka gani wala ni tani ngapi. Kikiwa kirefu, punguzo linakuwa rahisi. Jimbo linalojua hilo lina kila sababu ya kuchoma sasa ili lije lipunguze vizuri baadaye. Watetezi wao watakwambia Mchina huwa anaahidi kidogo anatimiza kingi, na kwenye paneli ni kweli tumeona, kwenye somo la pili nimeshakwambia ripoti inasema nini.

Na sisi tumo humu ndani tusijifanye watazamaji. Lamu pale palikuwa pajengwe mtambo wa makaa wa megawati 1,050, benki ya China ICBC ilikuwa iweke hela, wenyeji kupitia kundi lao la Save Lamu wakakomaa mpaka Juni 2019 mahakama ya mazingira ya Kenya ikafuta leseni, na 2020 benki ikajitoa. Septemba 2021 Xi akatangaza kwamba China haitajenga tena mitambo mipya ya makaa nje ya nchi, kumbuka huo ndo mwezi ule ule taa zimezima Shenyang, nje wanafunga makaa, ndani wanafungua migodi. Kule Garissa sola ya megawati 50 imejengwa na Wachina. Na paneli za Kariakoo tunajua zinatoka wapi, kiwandani wati moja ilishuka mpaka karibu senti 10 ya dola kwa sababu viwanda vimekuwa vingi kuliko soko na vinauza kwa hasara, Afrika ndani ya mwaka ulioishia Juni 2025 ikaingiza kama gigawati 15, asilimia 60 zaidi ya mwaka uliotangulia. Huo urahisi una kivuli chake pia, sehemu ya malighafi ya paneli inatoka Xinjiang ambako kuna madai mazito ya Wauyghur, jamii ya Waislamu wa huko, kufanyishwa kazi kwa lazima, na Marekani ina sheria ya 2021 inayozuia bidhaa za huko mpaka mwenye mzigo athibitishe vinginevyo. Huku kwetu hakuna anayeuliza.

Takwimu za umeme wanazitoa kila mwezi. Mimi nikizipata naruka safu ya paneli zilizofungwa, naenda kwenye umeme uliotokana na kuchoma. Nusu ya kwanza ya 2025 ilisoma hasi asilimia 2.4 ukilinganisha na kipindi kile kile mwaka uliotangulia, ikanikaa vizuri. Julai nchi nzima ilitumia zaidi ya uniti trilioni moja kwa mwezi mmoja tu, hakuna nchi iliyowahi kufika hapo, na safu ya kuchoma bado ikasoma hasi. Agosti joto likabana, viyoyozi vikawashwa, ikasoma chanya 1.7.